Kuwinda Dhoruba: Maana Yake, na Kinachofanyika Kwenye Tambarare za Amerika Kaskazini

Kuwinda dhoruba ni kusafiri kwa makusudi kwenda mahali ambapo hali mbaya ya hewa inatarajiwa, ili kuiona kwa macho, kuipiga picha, kuipima au kutoa taarifa zake. Anayefanya hivyo huitwa mwindaji wa dhoruba. Kinachowindwa zaidi ni tonado, yaani safu ya upepo inayozunguka kwa kasi kubwa, juu imeshikana na wingu la radi na chini imegusa ardhi. Wapo pia wanaofuata mvua ya mawe au radi, na wengine wanaridhika na wingu lenyewe.

Tonado isichanganywe na vimbunga vya baharini kama Idai cha mwaka 2019 au Hidaya cha 2024. Vimbunga hivyo huwa na upana wa mamia ya kilomita, hudumu siku kadhaa, na mamlaka za hali ya hewa huvitaja mapema kabla havijafika pwani. Tonado nyingi hazifiki hata nusu saa, na upana wake kwa kawaida hupimwa kwa mita. Hakuna anayeweza kusema asubuhi kwamba itashuka kijiji gani jioni. Ndiyo maana anayetaka kuiona lazima aifuate.

Uwindaji huu una makao yake: nyanda pana za nyasi na mashamba ya ngano zinazoanzia Texas, zikapita Oklahoma, Kansas, Nebraska na majimbo mawili ya Dakota, hadi Manitoba, Saskatchewan na Alberta nchini Kanada. Marekani hurekodi tonado takriban 1,200 kwa mwaka, kuliko nchi nyingine yoyote. Kwenye nyanda hizo msimu hupanda na ramani: kusini hushika kasi Aprili na Mei, kisha Juni na Julai zamu inahamia kaskazini.

Sababu ni jiografia. Hewa yenye joto na unyevu hutoka Ghuba ya Mexico ikielekea kaskazini. Hewa kavu hushuka kutoka nyanda za juu za jangwa upande wa magharibi. Juu zaidi hupita mkondo wa upepo mkali unaovuka milima ya Rocky. Kilomita moja au mbili kutoka ardhini mara nyingi hukaa tabaka la hewa ya moto linalozuia mawingu kukua, kama mfuniko juu ya sufuria ya maharage. Jua likipasha ardhi mchana kutwa, nguvu hukusanyika chini ya mfuniko huo. Ukifunguka alasiri, wingu hupanda hadi kilomita 15 na zaidi kwa muda usiozidi saa moja.

Hapo ndipo upepo unapoingia kazini. Ukivuma kutoka kusini mashariki chini na kutoka magharibi juu, tena kwa nguvu zaidi, hewa inayopanda huanza kujizungusha. Wingu la radi lenye mzunguko huo huitwa supaseli. Supaseli nyingi hazizai tonado, lakini tonado kubwa karibu zote hutoka humo. Karibu na ikweta tofauti hiyo ya pepo za juu na za chini kwa kawaida ni ndogo. Kericho inaweza kupigwa na mvua ya mawe mara kwa mara, na Kabare, huko Kivu Kusini, imewahi kupimwa kwa setilaiti na kuwekwa nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Hata hivyo tonado za ukubwa wa Oklahoma si jambo la kwetu.

Historia yake si ndefu. David Hoadley alianza mwaka 1956 akiwa kijana wa Bismarck, North Dakota, na hutajwa miongoni mwa waasisi. Mwanasayansi Neil Ward alifuata tonado Oklahoma mwaka 1961. Mwaka 1964 ikaanzishwa maabara ya taifa ya dhoruba kali mjini Norman, katika jimbo hilo hilo. Siku iliyoupa uwindaji heshima ya kisayansi ni Mei 24, 1973, pale watafiti walipoifuatilia tonado ya Union City tangu kuzaliwa hadi kufa, huku rada ya Doppler, ile inayopima hata mwendo wa upepo ndani ya wingu, ikiitazama kutoka Norman. Picha za barabarani zilipolinganishwa na takwimu za rada, ikaonekana kwamba mzunguko ulijitokeza ndani ya wingu kabla tonado haijagusa ardhi. Maonyo ya leo yanategemea sana jambo hilo.

Siku yenyewe ya kuwinda huanza kwa kusoma ramani. Mwindaji huangalia unyevu uko wapi, mpaka wa hewa kavu umefika wapi, na puto za asubuhi zinazorushwa kupima hewa ya juu zimeonyesha nini kuhusu ule mfuniko. Kisha anachagua mji mmoja mdogo na kuendesha gari, pengine kilomita 500. Akifika anajaza mafuta, anakula chochote kinachopatikana kituoni, halafu anasubiri. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana kwenye video. Mara nyingi mfuniko haufunguki, jua linazama katika anga safi, na mtu anarudi mikono mitupu.

Ukifunguka, wingu hupanda na kutandaza kichwa bapa kama fuawe. Dhoruba za huko kwa kawaida huelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo mwindaji hujipanga kusini mashariki mwake, mbali na mvua na mawe, akitazama kaskazini magharibi. Anachokitafuta ni eneo la chini ya wingu lisilo na mvua, jeusi na bapa, na chini yake kipande cha wingu kilichoning'inia, kinachoitwa wingu la ukuta. Kikianza kuzunguka, huku upepo wa joto ukimpiga mgongoni kuelekea huko, anajua jambo linakaribia. Barabara za Kansas na Oklahoma zimepimwa kwa miraba ya maili moja, jambo linalorahisisha kukwepa, ila nyingi ni za udongo na mvua kidogo tu inazigeuza utelezi. Kuna kanuni moja ya kuokoa maisha: tonado ikionekana haisogei kulia wala kushoto bali inazidi kunenepa, inakujia wewe.

Swali la haki ni hili: rada zipo, setilaiti zipo, macho ya nini? Mwale wa rada husafiri karibu moja kwa moja ilhali dunia imepinda. Kilomita 100 kutoka kwenye rada, mwale wa chini kabisa tayari uko karibu kilomita moja na nusu juu ya ardhi. Rada inaona mzunguko ndani ya wingu, lakini haiwezi kuthibitisha kilicho juu ya paa za watu. Kwa hiyo Marekani ina mtandao wa watazamaji wa kujitolea uitwao Skywarn, na Kanada ina CANWARN. Mtazamaji kwa kawaida hukaa eneo lake na kupiga simu akiona kitu, mwindaji husafiri. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili.

Wengine huingia na vipimo. Mhandisi Tim Samaras alitega vifaa vizito njiani mwa tonado, na Juni 24, 2003, karibu na Manchester, South Dakota, kimoja kilirekodi mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 100, karibu sehemu ya kumi ya ule wa kawaida. Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young waliuawa na tonado Mei 31, 2013 karibu na El Reno, Oklahoma. Tonado hiyo ilibadili mwelekeo, ikaongeza kasi na kupanuka hadi kilomita 4.2, upana mkubwa kuliko wowote uliorekodiwa, nayo ikiwa imefunikwa na mvua. Barabara nazo zilikuwa zimejaa magari ya wawindaji na ya wakazi waliokuwa wakikimbia. Msongamano huu, pamoja na magari ya utalii wa dhoruba, ndio upande wa shughuli hii ninaouona mgumu kuutetea.

El Reno inaeleza pia kwa nini takwimu za tonado huwachanganya watu. Rada za kubebwa na magari zilipima humo upepo wa zaidi ya kilomita 450 kwa saa, lakini iliwekwa daraja la EF3 tu, wakati ngazi ya juu ni EF5. Kipimo hicho, kilichotokana na kazi ya Ted Fujita ya mwaka 1971, hukadiria upepo kutokana na uharibifu, na tonado ile ilipita zaidi kwenye mashamba wazi. Hapakuwa na majengo ya kutosha kuvunja.

Kanada tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa sababu watu ni wachache na ardhi ni pana. Tonado ya Elie, Manitoba, ya Juni 22, 2007, ilipewa F5, daraja la juu kabisa la kipimo cha awali cha Fujita, ya kwanza nchini humo, kwa sababu ilikuta nyumba imara na kuing'oa, hakuna aliyekufa. Nyingine hushuka msituni bila shahidi. Tangu 2017 mradi wa Northern Tornadoes Project wa Chuo Kikuu cha Western unazitafuta kwa picha za setilaiti na ndege, ukifuata mistari ya miti iliyoangushwa. Mradi mwenzake unashughulikia mvua ya mawe ya Alberta: watafiti huifuata dhoruba kwa nyuma na kuokota mawe kabla hayajayeyuka. Agosti 1, 2022, karibu na Markerville, waliokota moja la gramu 292.71, zito kuliko yote yaliyowahi kupimwa Kanada.