Shahada mbili za Biashara na Fedha: maana yake hasa ni nini?

Mtu akikwambia anasoma shahada mbili, ya Biashara na ya Fedha, usikimbilie kumpa pole kana kwamba anabeba mzigo mara mbili ya wenzake. Anasoma masomo manne kwa muhula kama wao. Tofauti iko kwenye masomo gani anaruhusiwa kuchagua, na hapo ndipo wengi hawaangalii wanapojaza fomu.

Shahada mbili kwa pamoja ni utaratibu ambao mwanafunzi hudahiliwa mara moja kwenye programu mbili za shahada ya kwanza, akazisoma sambamba, na siku ya mahafali akaondoka na vyeti viwili. Usiuchanganye na shahada moja yenye michepuo miwili: hapo cheti ni kimoja, ila umebobea kwenye mambo mawili ndani yake. Kuna pia shahada zinazoendeshwa na vyuo viwili kwa ubia, aghalabu katika nchi mbili tofauti. Hizo nazo kuna wanaoziita shahada mbili, kwa hiyo ukikuta jina hilo kwenye tangazo, soma mpaka maandishi madogo ya chini.

Sasa hesabu yake. Chukua mtindo wa Australia, ambako programu za namna hii zimezoeleka. Shahada ya kawaida ni miaka 3, masomo manne kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka: jumla masomo 24. Ukisoma shahada moja, ukamaliza, ukaanza ya pili, ni miaka 6 na masomo 48. Ukizisoma kwa pamoja, mara nyingi unamaliza kwa miaka 4 na masomo 32. Masomo 16 yamekwenda wapi?

Hakuna aliyekusamehe. Kila shahada ina masomo ya lazima na nafasi za hiari, zile ambazo mwanafunzi wa kawaida angezijaza kwa lugha ya kigeni, historia, au chochote kinachomvutia. Katika shahada mbili, nafasi za hiari za Biashara hujazwa na masomo ya Fedha, na za Fedha hujazwa na ya Biashara. Tena yapo masomo yanayodaiwa pande zote mbili, kama uhasibu wa awali, uchumi na takwimu. Hayo huyasomi mara mbili. Kwa hiyo bei halisi ya cheti cha pili, ukiacha ule mwaka mmoja wa ziada na ada yake, ni uhuru wa kuchagua. Ukitaka kujifunza kuandika programu za kompyuta au kwenda muhula mmoja chuo cha nje, utahangaika kutafuta pa kuchomeka.

Swali linalofuata huulizwa na wazazi, na ni swali zuri: Biashara na Fedha si kitu kilekile? Kuna ukweli ndani yake. Mwaka wa kwanza, wanafunzi wa pande hizo mbili hukaa darasa moja na ni vigumu kuwatofautisha. Njia huachana baadaye, na njia fupi ya kuona zinavyoachana ni kuwapa wote wawili swali moja.

Kampuni inataka kununua mashine ya milioni moja. Mashine itadumu miaka minne, na kila mwaka itaingiza 300,000. Wa Biashara, aliyezama kwenye uhasibu, anagawa gharama ya mashine kwa miaka minne: uchakavu ni 250,000 kwa mwaka. Anatoa kwenye 300,000, anabaki na faida ya 50,000 kila mwaka. Baada ya miaka minne ni faida ya 200,000, na vitabu vimekaa sawa.

Wa Fedha anauliza jambo moja tu: hiyo milioni, kama isingenunua mashine, ingezaa kiasi gani kwingine kwenye hatari kama hiyohiyo? Tuseme asilimia 10 kwa mwaka. Basi 300,000 ya mwaka wa kwanza, kwa thamani ya leo, ni kama 272,700. Ya mwaka wa pili ni 247,900, ya tatu 225,400, na ya nne 204,900. Jumlisha: karibu 951,000. Umetoa milioni moja leo kupata kitu chenye thamani ya 951,000. Mashine isinunuliwe.

Wote wamepiga hesabu sahihi. Mmoja ameeleza faida itakavyoonekana kwenye taarifa ya kila mwaka, mwingine amepima kama pesa itolewe au isitolewe. Ofisini maswali haya mawili huja pamoja, na mtu anayejua moja tu hulazimika kumwamini mwenzake kwa lile jingine. Kwangu mimi hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuunganisha shahada hizi. Ile ya kwamba vyeti viwili huvutia waajiri siipi uzito mkubwa.

Asili zao pia ni tofauti. Biashara imetokana na daftari la mfanyabiashara: mfumo wa kuandika kila muamala mara mbili, upande wa kuingia na wa kutoka, ulichapishwa Venice mwaka 1494 na Luca Pacioli, naye aliueleza kama desturi ambayo wafanyabiashara wa mji huo walikuwa nayo tayari. Fedha kama taaluma ya hisabati ni changa zaidi. Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha kwa milinganyo kwamba hatari ya mkusanyiko wa hisa inategemea jinsi zinavyopanda na kushuka pamoja, si hatari ya kila hisa peke yake. Alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990. Ndiyo maana anayeingia Fedha akitarajia kusoma habari za benki hukutana na kalkulasi na takwimu nzito. Kama hesabu zilikutoa jasho sekondari, upande huu ndio utakaokusumbua. Masoko na usimamizi wa wafanyakazi, vilivyo upande wa Biashara, vinadai zaidi kusoma na kuandika.

Hapo kuna mtego mmoja. Masomo ya Fedha yamefungamana kama mnyororo: huingii kwenye uwekezaji bila takwimu, wala kwenye mikataba ya bei za baadaye bila uwekezaji. Kama somo moja la mnyororo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka na wewe ukalifeli, hilo peke yake laweza kukurudisha nyuma mwaka mzima, hata kama mengine yote umefaulu.

Vyeti hivyo viwili, hata hivyo, si leseni. Anayetaka kusajiliwa kuwa mhasibu hudaiwa masomo mahususi, kama ukaguzi wa hesabu, sheria ya kampuni na kodi, na unaweza kuhitimu Biashara bila kuyagusa. Anayelenga uchambuzi wa uwekezaji atakuta mitihani ya CFA (cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji) ikimsubiri, ngazi tatu, pamoja na uzoefu wa kazi. Masomo ya aina hii yapangwe tangu mwaka wa kwanza, maana ukishafika wa tatu nafasi zimekwisha.

Na ukichoka njiani? Vyuo vingi hukuruhusu kuacha shahada moja na kumalizia nyingine, na masomo uliyokwisha kufaulu yanaweza kuhesabiwa kwenye nafasi za hiari za ile iliyobaki. Aliyeacha Fedha mwisho wa mwaka wa pili aweza kuhitimu Biashara kwa miaka mitatu kama wenzake, mradi masomo yake ya lazima hakuyasogeza yote mbele. Uliza hilo ofisi ya udahili kabla ya kusaini, na jibu wakupe kwa maandishi.