Majivu ya pumba kwenye zege: yanafanya kazi gani hasa?

Pozolana ni unga wenye silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ambao ukiutia maji peke yake haugandi, ila ukikutana na chokaa penye unyevu hushikana nayo taratibu mpaka ukawa mgumu. Jina limetokana na Pozzuoli, mji wa Italia ulio karibu na Naples, ambako Warumi walichimba majivu ya volkano ya kuchanganya na chokaa. Kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43 hivi, lilijengwa kwa zege la aina hiyo katika karne ya 2 na lingali limesimama. Majivu ya mabaki ya mazao, hasa pumba za mpunga, yaani maganda ya nje ya punje, nayo ni pozolana. Tofauti ni kwamba hapa volkano ni tanuri.

Sugua pumba kavu za mpunga viganjani, utahisi zinakwaruza kama msasa. Hiyo ni silika. Mizizi huinyonya kutoka ardhini ikiwa imeyeyuka majini, na mmea unapotoa mvuke silika hubaki nyuma na kujijenga kwenye ganda la nje. Ndiyo sababu pumba huchelewa kuoza, na mifugo haipati faida kubwa ikizila. Kilo 1,000 za mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba. Zichome hizo, utabaki na majivu kama kilo 40. Katika majivu hayo silika huwa kati ya asilimia 85 na 95, na ni mazao machache yanayofikia hapo.

Saruji ikilowa hutoa vitu viwili: gundi inayoshika mchanga na kokoto, na chokaa. Chokaa hiyo haiongezi nguvu ya maana. Hukaa humo ndani, na maji yakipenya huiyeyusha na kuitoa nje. Madoa mengi meupe unayoyaona kwenye kuta za zege chanzo chake ni hicho. Silika ya majivu huikamata chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi nyingine. Vitundu vya zege huziba, maji na chumvi hupata shida kupita, na nondo hukawia kushika kutu.

Lakini si kila jivu. Hapa ndipo maelezo mengi yanayosambaa yanapokosea, maana husifu mmea na kuusahau moto. Pumba zikichomwa kwa nyuzi joto za Selsiasi 500 hadi 700, silika hubaki bila mpangilio maalumu, na katika hali hiyo ndipo inapokuwa na hamu ya chokaa. Joto likivuka 800 na kukaa huko muda mrefu, chembe zake hujipanga zikawa fuwele. Maabara ikipima itakuta silika ni ileile asilimia 90, ila sasa imelala. Hewa nayo ikiwa haba wakati wa kuchoma, unapata majivu meusi yaliyojaa kaboni, na kaboni hunywa maji ya mchanganyiko. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618, kwa pozolana za asili, kinataka silika, alumina (oksidi ya alumini) na oksidi ya chuma kwa pamoja zisipungue asilimia 70, na kinachopotea majivu yakichomwa upya kisizidi asilimia 10. Tangu miaka ya 1970 mtafiti wa zege P. Kumar Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alisisitiza jambo hilohilo la kuudhibiti moto. Rundo linalowaka lenyewe nyuma ya kinu huwa na majivu ya kila aina mahali pamoja.

Hata yaliyochomwa vizuri lazima yasagwe. Kila punje hubaki na mifupa ya ganda lake, yenye vijitundu kama sega la nyuki, na isiposagwa huzuia maji humo ndani.

Kwa kawaida majivu huchukua nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji. Kwa asilimia 15, mfuko wa kilo 50 unakuwa kilo 42.5 za saruji na 7.5 za majivu. Pima kwa mizani. Majivu ni mepesi mno, na ndoo yake haifiki nusu ya uzito wa ndoo ya saruji, kwa hiyo fundi anayepima kwa ndoo anatengeneza kitu kingine kabisa. Mchanganyiko utadai maji zaidi, au dawa ya kulainisha zege, ambayo ndiyo njia bora, kwani maji ya ziada huondoa nguvu. Zege likishamwagwa, usikatishe kulimwagilia mapema: kazi ya majivu ni ya polepole na huendelea hata baada ya siku 28, ambazo kwa kawaida ndizo hupimiwa nguvu ya zege.

Faida kwa mazingira inatokana na saruji inayopunguzwa. Kuitengeneza ni kuchoma mawe ya chokaa kwa nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa mbali na ile ya nishati inayochomwa. Ila majivu yakisafirishwa mbali sana faida hiyo huliwa na mafuta ya lori.

Majivu ya makapi ya miwa yanafaa pia, ingawa mara nyingi huja na mchanga wa shambani. Majivu ya kuni ni jambo jingine: yamejaa kalsiamu na potasiamu, silika kidogo. Na yoyote utakayotumia, vaa barakoa. Vumbi la silika ya fuwele huharibu mapafu, na likishaharibu hayaponi.

Kuna jaribio dogo la kuchuja mabaya mapema. Vaa glavu, changanya chokaa ya ujenzi na majivu yaliyosagwa, ongeza maji mpaka uji uwe mzito, kisha ufunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Chokaa tupu huhitaji hewa ili ikauke na kuwa ngumu, kwa hiyo humo ndani itabaki laini. Fungua baada ya wiki mbili hivi ubonyeze kwa kidole. Kidole kikizama, majivu hayo usiyatie kwenye zege.