Upasuaji wa kupunguza uzito: maswali ya kujiuliza kabla ya kukubali kisu

Nina uzito mkubwa. Je, ninafaa kufanyiwa?

Kilo peke yake hazitoshi kuamua. Zidisha urefu wako wa mita kwa wenyewe, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo, unapata BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu. Mwenye urefu wa mita 1.60 hufika BMI 35 akiwa na kilo 90 hivi, na BMI 40 akiwa na kilo 102 hivi. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia BMI 35 hata kama huna maradhi mengine, na unaruhusu kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au ugonjwa mwingine unaotokana na unene. Kitambi kinachokukera kwenye nguo hakimo katika orodha hiyo.

Kuna aina gani?

Mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Ya kwanza ni kupunguza mfuko wa chakula: karibu robo tatu au zaidi yake hukatwa na kutolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba. Haurudishwi. Ya pili ni baipasi: daktari hutenga kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha hukiunganisha na utumbo mdogo huko mbele.

Kama una kiungulia kikali cha muda mrefu, usikimbilie ya kwanza kwa kuwa ni rahisi zaidi, maana mara nyingi hukizidisha. Baipasi hukituliza, na kwa kawaida hudhibiti kisukari vizuri zaidi. Gharama yake ni kwamba vitamini na madini hufyonzwa kwa shida zaidi, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni unaziaga, kwa sababu huleta vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Anayezinunua duka la dawa kila mgongo ukimuuma alifikirie hilo mapema.

Puto linalowekwa tumboni kwa mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni si upasuaji. Mengi hutolewa baada ya miezi 6, na uzito hurudi kwa urahisi.

Maandalizi yakoje?

Utapimwa damu, moyo, sukari, na bakteria wa vidonda vya tumbo. Sigara huachwa wiki 6 kabla au zaidi. Wiki 2 za mwisho wengi hupewa mlo wenye wanga na mafuta kidogo ili ini lisinyae, kwa sababu ini lenye mafuta hulala juu ya mfuko wa chakula na kumziba daktari. Ukila pilau la kuagana usiku wa mwisho, unamwongezea kazi na unajiongezea hatari.

Nitakula nini baadaye?

Kwanza vimiminika, kisha vilivyosagwa, kisha laini; chakula cha kawaida huanza baada ya wiki 6 hadi 8. Protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, kwa hiyo samaki, yai au maharage huliwa kabla ya wali. Mkate laini, tonge kubwa la ugali na nyama kavu ndivyo hukwama. Tafuna hadi iwe uji. Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa, kisha nywa funda dogo dogo mchana kutwa. Baada ya baipasi, soda au juisi ya miwa huweza kuleta jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuharisha.

Nini huharibika?

Siku za mwanzo tunachokiogopa zaidi ni mshono kuvuja. Moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo au ya bega: rudi hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kliniki. Mguu mmoja kuvimba au pumzi kukata huenda ni damu iliyoganda. Kutapika kusikokoma huishusha vitamini B1 na kunaweza kudhuru ubongo. Kupungua haraka pia huleta mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Mimba je?

Subiri miezi 12 hadi 18. Uzito unapopungua mayai huanza kupevuka tena, na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki. Chagua kipandikizi au kitanzi.

Gharama zinaishia hospitalini?

Hapana, na hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Vitamini, B12, chuma na kalsiamu ni vya maisha yote. Chuma na kalsiamu hupishanishwa kwa saa 2, na chuma hakimezwi na chai. Damu hupimwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Ukienda kufanyiwa nje ya nchi, mpate kwanza daktari wa nyumbani atakayekufuatilia, umpe ripoti ya upasuaji kwa maandishi. Kama fedha zinatosha operesheni tu, ahirisha.