Huduma ya afya ya akili na uraibu katika jamii: maana yake

Ni utaratibu unaomwezesha mtu mwenye sonona, skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au kuamini yasiyokuwepo), ulevi uliomshinda au uraibu wa heroini kutibiwa huku akiendelea kuishi kwake, kwenye kituo kilekile anachokwenda akipata homa, badala ya kulazwa kwa miezi katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo mbali.

Wengi hudhani maana yake ni kujenga vituo. Majengo ni sehemu ndogo tu. Kinachobadilika hasa ni nani anahudumia, na anaendelea kwa muda gani. Mabingwa ni wachache, hivyo kazi inagawanywa: muuguzi anachoma sindano ya kila mwezi ya skizofrenia, mhudumu wa afya ya jamii anampitia nyumbani aliyekosa kliniki, bingwa anabaki na kesi ngumu na kuwasimamia wenzake. Zimbabwe walikwenda mbali zaidi. Tangu 2006, katika mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda, akina bibi waliopewa mafunzo huketi kwenye benchi nje ya zahanati za Harare na kuwasikiliza wenye sonona na wasiwasi, kisha wanachagua pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwenye uraibu, umbali ndio mwamuzi. Chukua methadoni: ni dawa ya kunywa mara moja kwa siku, na kwa kawaida mwanzoni mtu huinywa mbele ya mhudumu. Inazuia arosto, yaani maumivu na hamu kali vinavyompata mraibu akikosa heroini, hadi kesho yake. Sasa kama dirisha la dawa liko mwendo wa saa mbili, atapata wapi nauli kila siku, na atafika kazini saa ngapi? Akikosa siku mbili tatu arosto inarudi, na pa kuituliza anapajua. Watu watasema hana nia ya kuacha, kumbe kilichomshinda ni nauli. Kusogeza dirisha hilo karibu, au kumruhusu aliyetulia achukue dozi za siku kadhaa, kunafaa kuliko mahubiri yote ya kuacha.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Aliyekaa wiki kadhaa bila heroini, iwe soba hausi (nyumba ya waraibu wanaoacha dawa) au gerezani, mwili wake hauihimili tena kama zamani. Akitumia kiwango alichokizoea, kinaweza kumuua. Siku za mwanzo baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi, na ndizo ambazo mfumo wa kulaza na kuruhusu humwachia apambane mwenyewe. Huduma ya jamii ikifanya kazi, kituo cha karibu na kwao kinakuwa na jina lake kabla hajatoka, na watu wa nyumbani wanakuwa na nalokisoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, tena wanajua kuitumia.

Ugumu uko kwenye pesa. Mwaka 1978 Italia ilipitisha sheria ya kufunga hospitali za wagonjwa wa akili, na mji wa Trieste ukaweka vituo vya mitaani vyenye vitanda vichache, vinavyofanya kazi usiku na mchana. Marekani nayo ilikuwa na sheria ya vituo vya jamii tangu 1963, ila vingi vilivyokusudiwa havikujengwa. Hospitali ziliendelea kupunguza vitanda, na wagonjwa wengi wakaishia barabarani na magerezani. Kwa hiyo ukisikia huduma “zinapanuliwa”, angalia kwanza bajeti imehamia wapi na nani anamlipa yule mhudumu anayepita nyumbani.

Hospitali haifutwi. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka, hata kufa; huyo anahitaji kitanda na daktari. Kazi ya zahanati ni kumtambua mapema, kumpa rufaa, na kumpokea akirudi.