Fedha Zimewafikia Walengwa, Je, Zimebadili Nini?

Dhana: Fedha zikiwafikia walengwa, mradi umefanikiwa.

Idadi ya kaya zilizolipwa na semina zilizofanyika inaonyesha kazi iliyofanyika tu. Tathmini ya matokeo huuliza swali gumu zaidi: kaya hizi zingekuwa na hali gani leo kama mradi usingekuja?

Dhana: Inatosha kulinganisha hali ya kabla na baada ya mradi.

Mvua ikinyesha vizuri, hata kijiji kisichopata senti kitavuna. Ndiyo maana TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania) ilipojaribu kuhawilisha fedha kwa kaya maskini za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, vijiji 80 viligawanywa kwa kura ya bahati nasibu: 40 vikaanza kulipwa mwaka 2010, 40 vikawa vya kulinganisha. Wapo wanaoiona kura hiyo kuwa dhuluma. Mimi naona kwamba fedha zisipotosha wote, kura ina haki kuliko orodha iliyojaa jamaa za viongozi.

Dhana: Takwimu zikishuka, mradi umeshindwa.

Hapa majaribio yale yana funzo kubwa. Sharti mojawapo la malipo lilikuwa watoto wadogo na wazee wapelekwe zahanati. Mwanzoni walengwa walikwenda zahanati mara nyingi kuliko wenzao wa vijiji vya kulinganisha. Tathmini ya mwisho ilipofanyika mwaka 2012, safari hizo zilikuwa zimepungua. Mwenye haraka angeandika kwamba watu walichoka na masharti. Kumbe hata siku za kuugua zilikuwa zimepungua, hasa kwa watoto wadogo! Kaya nyingi zaidi zilikuwa zimejiunga na bima ya afya ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii), zimenunua mifugo, na watoto wamevalishwa viatu. Kiatu si pambo: minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo. Na wale wasemao kwamba maskini akipewa hela ataishia kilabuni, waangalie mbuzi na kuku hao walionunuliwa.

Dhana: Mkopo uliorejeshwa ni mkopo uliofanikiwa.

Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mjadala wetu huishia kwenye marejesho, na ni kweli fedha za umma lazima zirudi. Lakini kikundi kinaweza kurejesha kila shilingi huku wanachama wakikopa kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, ili kulipa rejesho. Tena mama lishe aliyekopeshwa anaweza kuwavuta wateja wa mwenzake wa upande wa pili wa barabara. Daftari lake litaonyesha faida, ilhali mtaa haujaongeza sahani hata moja. Yule mwenzake jina lake halimo kwenye orodha ya mradi, na mara nyingi hakuna anayekwenda kumuuliza.