Mgeni akifika Kigoma, mfundisheni kuvuka barabara kwanza

Wageni wanaokuja kufanya kazi huku kwetu hufika wamejiandaa kwa malaria. Wana chandarua, wana vidonge, wana dawa ya kupaka kuzuia mbu, na kwenye kikao cha kwanza swali la nyoka halikosekani. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, mwaka wa 11 sasa, na mara kwa mara naitwa kuzungumza na wafanyakazi wapya kabla hawajaanza safari za Kasulu na Kibondo kwenye kambi za wakimbizi. Mgeni aliyeumwa na nyoka sijawahi kumpokea. Waliogongwa, walioteleza na waliounguzwa mguu na ekzosi ya bodaboda nimepokea wengi mno. Kwa hiyo leo nawaandikia nyinyi mnaoishi nao: madereva, wenye nyumba, wapishi, walinzi, wakalimani, na vijana wa bodaboda wa Mwanga na Gungu. Nyinyi ndio mnaokuwa nao barabarani. Mimi nawaona baadaye.

Nianze na mama mmoja wa Kibelgiji, wiki yake ya pili mjini. Alikuwa anavuka barabara pale Mwanga. Alisimama ukingoni kwa adabu kabisa, akaangalia kushoto, akaona kweupe, akaingia. Baiskeli iliyobeba tenga la dagaa ilikuwa inatokea kulia kwake. Kijana alipiga kengele na kupiga kelele, lakini yule mama aliposikia aligeuza shingo tena kushoto. Walianguka wote wawili.

Alipofika kwetu kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda na vidole vimeanza kuvimba, na kwenye kidole cha pete kulikuwa na pete ya ndoa ambayo haitoki. Pete kwenye mkono uliovunjika huondolewa kabla ya jambo lolote, kwa sababu uvimbe ukiizidi, kidole kinakosa damu. Nikachukua uzi mrefu, nikapenyeza ncha moja chini ya pete, halafu uzi uliobaki nikauzungusha kidoleni kuanzia kwenye pete kwenda mbele, duara kwa duara, umebana, mpaka ukavuka kiungo. Kisha nikaanza kuufungua kwa ile ncha ya chini, na pete ikawa inasogea mbele polepole. Alilia, lakini pete ilitoka nzima. Akafungwa hogo, wiki 6. Kijana wa dagaa alishonwa nyuzi 4 kwenye goti, na dagaa zake zikaishia mchangani.

Yule mama hakuwa mzembe. Kwao magari yanapita kulia, kwa hiyo gari la kwanza kumfikia anayevuka hutokea kushoto. Ametazama kushoto tangu anashikwa mkono na mama yake. Kwetu tunapita kushoto, na la kwanza kukufikia linatokea kulia. Kichwa kinajua hilo siku ya kwanza, lakini shingo inachukua wiki kadhaa. Tena msidhani ni Wazungu peke yao. Burundi wanapita kulia, Kongo wanapita kulia. Mrundi aliyeingia jana kwa njia ya Manyovu au Mkongo aliyeshuka kwenye boti ana shingo ileile ya Mbelgiji, ila yeye hakuna anayemwitia kikao. Kama una mpangaji au mfanyakazi kutoka ng'ambo, vuka naye barabara siku za mwanzo, mwambie kwa sauti: kulia, kushoto, kulia tena. Msione haya kumshika mkono mtu mzima.

Kwa anayeendesha, hatari haipo pale watu wengi wanapodhani. Akiwa katikati ya magari atafuata wenzake. Anapokosea ni pale barabara ikiwa tupu: ametoka kituo cha mafuta alfajiri, au amesimama njiani kununua maembe, anawasha gari anaondoka, na mikono inampeleka upande wa kulia kama kwao. Dereva wa shirika ukikaa pembeni ya mgeni aliyeomba kushika usukani, wakati wa kuwa macho ni huo wa kuondoka. Na likija gari lenye usukani wa kushoto kutoka Bujumbura, mkiwa mnaelekea Mwandiga, mkumbuke kwamba dereva wake akiwa nyuma ya lori haoni mbele mpaka ameshachomoza nusu ya gari.

Kuna lugha ya barabarani ambayo sisi tumezaliwa nayo na mgeni hajaandikiwa popote. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia wakati hakuna njia ya kukata, linakwambia usipite, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto linakwambia njia nyeupe. Mgeni anaona indiketa ya kushoto anadhani lori linasimama. Anaona ya kulia anadhani linakata kona. Sipendi sana ishara hii, kwa sababu unaweka roho yako kwenye mkono wa mtu usiyemjua, na bado lazima ujionee mwenyewe. Lakini asiyeijua anaweza kuielewa kinyume, na hapo ndipo inapoua. Vilevile majani. Matawi mabichi yaliyotupwa barabarani, mafungu mawili matatu, maana yake mbele kuna gari limeharibika, pengine baada ya kona, pengine halina taa. Mgeni mmoja aliniambia alidhani ni mbuzi wamedondoshewa chakula. Mwelezeni kabla hajakutana nayo usiku.

Usiku wenyewe nao una jambo lake hapa Kigoma. Saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, lakini jua halijui hilo. Sisi tuko magharibi kabisa, na jua linachomoza kwetu kama dakika 40 baada ya Dar. Mwezi wa 7 linatoka saa moja imeshapita. Maana yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati magari ya mashirika yanawahi Kasulu, bado ni kiza, na pembeni mwa barabara wanatembea watoto wa shule. Sweta la bluu kwenye kiza halionekani. Mgeni anayetoka Dar amezoea kwamba saa hiyo kumeshapambazuka, na anakanyaga mafuta hivyohivyo. Kama ratiba iko mikononi mwenu, ichelewesheni safari kwa nusu saa. Nimewahi kupokea watoto wawili asubuhi moja, ndugu, na tangu siku hiyo ombi hili nalirudia kila ninapopata nafasi.

Saa inaleta ajali nyingine isiyo na damu. Mlinzi alimleta bosi wake aliyeanguka ngazini, akasema ameanguka saa saba. Mwenzake mgeni akaandika saa 7:00 asubuhi. Kumbe ilikuwa saa saba mchana. Kwa mtu aliyegonga kichwa, tofauti ya saa sita inabadilisha kila kitu: tunahesabu ni muda gani amekuwa akitapika, alilala lini, dawa ya maumivu alimeza lini na nyingine apewe lini. Mkimleta mtu, semeni "saa saba mchana, baada ya chakula". Mkitaja na jua lilivyokuwa, hakuna atakayekosea.

Vijana wa bodaboda, ninyi nawaomba mambo mawili. Abiria apande na kushuka upande wa kushoto, kwa sababu pikipiki zenu karibu zote ekzosi iko kulia, na mgeni aliyevaa kaptula akishukia huko anaacha ngozi ya shavu la mguu. Akiungua, ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili, hata kama ni ya ndoo na kopo. Msimpake dawa ya meno wala unga wala yai. La pili ni helmeti: ya abiria iwe na mkanda unaofunga. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Ziwani sitakaa sana. Boti za Kibirizi kwenda Gombe ni nzuri asubuhi. Kiangazi, Mei hadi Septemba, upepo wa kusi unaamsha mawimbi, na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Kichocho kipo, na kipimo cha mkojo na choo kinaeleweka vizuri wiki kadhaa baada ya kuoga ziwani, si kesho yake.

Sasa karatasi. Ajali ya barabarani inahitaji PF3, ile fomu ya matibabu inayotolewa na polisi. Mgonjwa mahututi tunamhudumia kwanza, mtu mwingine anaifuatilia, lakini msiisahau, maana kampuni ya bima ya mgeni itaiuliza hata akiwa ameshafika kwao. Dereva aliyegonga anatakiwa kusimama na kutoa taarifa. Akihofia umati, aende moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu, asiende nyumbani. Na bima isiyolipia ndege ya wagonjwa haimtoshi mtu anayeishi huku. Kutoka hapa hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu mwenye damu inayovuja tumboni hazimalizi.

Damu ndiyo inayonikosesha usingizi. Kati ya Wazungu 100, takribani 15 wana damu hasi, yaani kundi lenye alama ya kutoa (Rh hasi). Kwetu ni wachache zaidi, kwa hiyo akiba ya damu hasi ni ndogo, na mwenye O hasi anaweza kupokea O hasi tu. Mgeni ajue kundi lake kabla hajafika, na nyinyi mjue ni nani kati ya wenzake analo kama lake, kwa sababu saa nane usiku tutamwamsha huyo. Liandikeni kwenye kikaratasi pamoja na namba ya bima na jina la mtu wa kupigiwa, likae nyuma ya simu yake, ndani ya kava. Simu ikizimika, kikaratasi bado kinasomeka.