Kupanga nyumba Mji wa Kale, Mombasa: ya kuuliza kabla hujapokea ufunguo

Mvua za masika zikianza, malalamiko kutoka Mji wa Kale hutufikia kwa mafungu. Paa linavuja. Plasta imeangukia kitanda. Mwenye nyumba amemwambia mpangaji atengeneze kisha akate kwenye kodi, mpangaji ameleta fundi, fundi amepiga simiti ukuta mzima, wakaguzi wamefika na kusimamisha kazi, na sasa kila mmoja anataka kujua ni nani atakayerudisha pesa.

Makala haya ni ya wanaotafuta nyumba kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni na Kuze, na ya wale wanaozipangisha. Wengi wana nia njema na hatuna shaka na hilo. Shida ni kwamba mkataba wanaotia sahihi ni ule ule wa fleti za Nyali, umebadilishwa majina tu.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 1990, na sasa unalindwa chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kukupa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana. Akikwambia "vunja hicho kiambaza, mimi ndiye mwenye nyumba", bado hujaruhusiwa. Tumelisema hili barazani, redioni na msikitini baada ya sala, na bado watu wanatuletea ujumbe wa WhatsApp wa mwenye nyumba kana kwamba ni kibali.

Nani anakupangisha?

Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za urithi. Babu alifariki, mirathi haikugawanywa, mrithi mmoja yuko Mombasa, mwingine Dubai, mwingine Uingereza, na anayekusanya kodi ni yule aliyebaki karibu. Huenda ametumwa na wenzake kwa heri kabisa. Huenda pia wenzake hawajui kwamba chumba cha juu kimepangishwa. Mpangaji analipa kwa simu kwa mpwa, anakaa vizuri tu, kisha siku moja shangazi anabisha hodi akiwa na wakili.

Usione haya kuomba karatasi. Kama mwenye hati amefariki, anayesimamia nyumba anatakiwa awe na idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi. Kwa familia za Kiislamu jambo hili mara nyingi hupitia kwa Kadhi. Kama idhini hiyo haijatoka, basi angalau barua ya warithi wote wakikubali kwamba fulani ndiye atakayepokea kodi, yenye majina yao, nambari za vitambulisho na sahihi. Barua hiyo haichukui nafasi ya idhini ya mahakama, lakini ni afadhali kuliko neno la mdomo la mtu uliyejulishwa naye na dalali juzi.

Kuna nyumba za wakfu. Hizo zina msimamizi wake kisheria, na kodi yake ina risiti yake. Ukiambiwa nyumba ni ya wakfu lakini pesa ziende kwenye simu ya mtu binafsi, simama hapo kwanza, uende ukaulize Kamisheni ya Wakfu.

Na kuna nyumba bila ardhi, utaratibu ambao wenyeji wa kisiwani wanaufahamu, hasa upande wa Majengo: jengo ni la mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye jengo hulipa kodi ya ardhi. Si kosa kupanga nyumba ya namna hiyo. Lakini mwenye ardhi na mwenye jengo wakigombana, aliye ndani ndiye wa kwanza kuhangaika. Uliza. Rekodi za ardhi zinaweza kupekuliwa katika masjala ya ardhi, na atakayekwambia "hati iko, nitakuonyesha" mwezi baada ya mwezi amekwisha kukujibu.

Nyumba yenyewe

Majengo haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, sakafu za juu zikibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, kwani boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Anayekuahidi kwamba ukihamia atakuondolea ukuta wa kati ili upate ukumbi mpana anakuahidi kuondoa kinachoshika dari.

Ukienda kuiona nyumba, usianze na mandhari ya bahari. Inua macho uangalie pale boriti inapoingia ukutani. Kichwa cha boriti ndicho huoza kwanza, kwa sababu maji ya paa hushuka ndani ya ukuta na kutua hapo. Chukua ufunguo, ubonyeze mti. Mkoko mzima utakukatalia. Uliooza utaingia kama muhogo uliochemka. Tazama sakafuni chini yake kama kuna vumbi la mchwa. Halafu pitisha kiganja ukutani, kimo cha goti. Ukitoka na unga mweupe, hiyo ni chumvi, na ukuta unavuta maji kutoka chini.

Sasa hapo ndipo fundi wa mtaani huleta simiti. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Simiti huufungia ndani. Kwa miezi kadhaa ukuta utapendeza, kisha plasta itavimba na kubanduka ikiwa imekamata jiwe, na unyevu utakuwa umepanda hadi kwenye boriti. Wapangaji hutuona wakaidi tunaposema chokaa. Wanasema chokaa ni ya zamani. Ndiyo, na nyumba pia.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye mikataba ni maji. Kila mtu Mombasa anajua mfereji unavyokauka, kwa hiyo mpangaji wa juu anaweka tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe. Tani moja, pembeni mwa chumba, juu ya boriti ambazo huenda zina miaka mia. Mapipa manne ya lita 200 karibu ni yale yale. Tangi liwekwe chini uani, juu ya msingi wake, na maji yapandishwe kwa pampu. Mkubaliane mapema ni nani anayenunua pampu na ni nani anayelipa umeme wake. Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafariki. Lile lilikuwa jengo kubwa lenye historia yake, sababu zake si tangi la mtu, lakini jiwe la matumbawe ni lile lile la pwani moja na likichoka halisubiri mtu atoke.

Vibali na adhabu

Kazi yoyote inayogusa sura au muundo wa jengo inahitaji kibali. Milango na madirisha, roshani za mbao, paa, kuta, ngazi, kuongeza choo, kutoboa ukuta wa mbele kwa ajili ya kiyoyozi, kubandika bango la biashara. Ombi linatolewa kwa jina la mwenye nyumba au mtu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mpangaji peke yake haombi. Hupitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa, kisha idhini ya ujenzi hutolewa na serikali ya kaunti. Ambatanisha picha za hali ilivyo sasa, mchoro, na maelezo ya vifaa vitakavyotumika. "Vifaa vya kawaida" si maelezo.

Kuanza ujenzi bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Faini yake haizidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kando na hapo, sheria ya turathi ina makosa yake na adhabu zake, nazo zinajitegemea. Kushtakiwa kwa moja hakukuondolei nyingine. Faini ikilipwa, amri ya kurudisha jengo lilivyokuwa inaweza kubaki palepale, na kuchonga upya roshani ya mbao kunagharimu kuliko faini nyingi.

Kuna kifungu ambacho wananchi wanakijua kuliko vyote: ombi la idhini ya ujenzi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Ni kweli, kimo katika Sheria hiyo ya Mipango. Lakini siku hizo huhesabiwa kwa ombi lililokamilika na kupokelewa, si bahasha iliyoachwa kwa bawabu. Na kunyamaza kwa kaunti si idhini chini ya sheria ya turathi. Tafadhali msitufanyie hesabu hiyo tena.

Mkataba

Sheria inakubali mkataba wa upangaji wa miaka miwili au chini hata ukiwa wa mdomo. Usiufanye wa mdomo. Andika, na pamoja na kodi, dipoziti na tarehe, andika ni nani anayetengeneza nini. Kwa nyumba hizi tunashauri paa, boriti, kuta za nje, roshani na mabomba makuu yabaki kwa mwenye nyumba, na mpangaji abaki na balbu, kufuli, mifereji ya ndani na usafi. Andika pia kwamba kazi inayohitaji kibali haitaanza kabla ya kibali, na kwamba mpangaji hatadaiwa kodi ya chumba kisichokalika wakati matengenezo yanaendelea. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu: asilimia 1 ya kodi ya mwaka kwa mkataba usiozidi miaka mitatu, asilimia 2 ukizidi. Karatasi isiyopigwa stempu hupata taabu mahakamani, na ni siku hiyo ambapo watu hukumbuka.

Ushuru wa mapato ya kodi ni wa mwenye nyumba. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiletewa bili yenye mstari wa "ushuru wa KRA" (mamlaka ya mapato) juu ya kodi mliyokubaliana, hiyo ni nyongeza ya kodi iliyovaa jina jingine.

Wanaopanga ili nao wawapangishe watalii kwa usiku, someni mkataba wenu. Kupangisha tena bila ridhaa ya mwenye nyumba ni kuvunja mkataba, na kulaza wageni kwa malipo ni biashara yenye leseni zake. Wenye maduka ya chini wana sheria yao ya majengo ya biashara, ambayo inamtaka mwenye nyumba atoe notisi ya miezi miwili au zaidi kwa fomu maalumu. Haihusu vyumba vya kulala vilivyo juu ya duka.

Kwa makazi yanayolipiwa kwa mwezi, notisi ni ya mwezi, pande zote mbili. Hakuna anayeruhusiwa kukufungia mlango, kukata maji au kung'oa mabati ili utoke. Kodi iliyolimbikizwa hudaiwa mahakamani au kwa dalali wa mnada mwenye leseni, si kwa vijana wa mtaa. Baraza la Kodi za Nyumba husikiliza mashauri ya nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani na nyumba nyingi zimekipita, lakini kama una mzazi aliyepanga chumba miaka mingi kwa kodi ya chini ya hapo, asitoke kwa vitisho kabla ya kufika kwenye Baraza.

Waliobaki, ambao ndio wengi, wakinyimwa dipoziti wanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Dai lisizidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka mahakama hiyo imalize shauri ndani ya siku 60. Beba mkataba, ujumbe wa malipo na picha. Picha za simu zinatosha, ila zipigwe siku ya kupokea ufunguo na zitumwe kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo, ili zibaki na tarehe kwenye simu zote mbili. Pigeni dari, vichwa vya boriti, kuta kimo cha goti, mlango wa mbele na roshani kwa nje. Mpangaji anayekuja na picha za kiti chake kipya na jokofu hatuwezi kumsaidia.